Sema Ulichonusa: Hotuba kwa Wapenzi wa Waini, Dodoma

(Kwa mliokosa kuja, hii hapa yote kama nilivyoiongea, picha za ukutani tu ndo nimeziacha.)

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Asanteni sana kwa kuja, najua kuna waliotoka Hombolo, kuna waliotoka Mpunguzi, na kuna wahudumu wa hoteli waliomba ruhusa kazini ili wawepo hapa, nimewaona na nawashukuru. Na wale wenzetu msiokunywa mliokuja kwa ajili ya kujifunza, karibuni kwa mikono miwili, maana sehemu kubwa ya mambo tutakayofanya leo ni ya kunusa, kwa hiyo hamtakosa kitu.

Naomba glasi zilizo mbele yenu msiziguse kwanza. Tutafika.

Nianze na swali. Ukikaa kwenye hoteli hapa mjini ukamuuliza mhudumu, jamani hii waini ikoje, anakujibu nini? "Hii tamu. Hii kali." Basi, imeisha hapo. Sasa mgeukie yule rafiki yako aliyesoma majarida ya waini, muulize swali lile lile, yeye atakwambia nanusa blakikaranti, nanusa gusuberi, nanusa sijui majani ya msitu wa vuli. Na mimi nauliza, humu ndani nani ameshakula gusuberi? Nyoosha mkono. Hakuna. Blakikaranti je, tunda lenyewe sio juisi ya chupa? Wawili, na wote wawili mmesoma Ulaya. Kuelezea waini kwa tunda usilowahi kulila ni sawa na kumsimulia mtu sura ya jirani usiyewahi kumuona. Unasimulia vizuri, sauti inapanda na kushuka, lakini hujamuona!

Kwa hiyo jioni ya leo nimekuja na jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke: sema ulichonusa wewe. Sema kwa harufu za jikoni kwenu, za shambani kwenu, za sokoni kwenu. Na nitawaonyesha kwamba ukifanya hivyo husemi mambo ya kienyeji, unasema mambo sahihi, tena sahihi kwa vipimo vya maabara.

Tuanze na pua yenyewe.

Kila mtu ana pipi ya chungwa mezani. Ifungue, lakini kabla hujaitia mdomoni bana pua. Bana kabisa, hata wewe mzee wangu pale mbele. Sasa itie mdomoni, mumunya, usiachie pua. Unapata nini? Utamu, kauchachu kidogo, basi. Chungwa liko wapi? Halipo. Sasa achia pua... Eeeh! Nimesikia hiyo "aaah" kutoka kila meza. Limekuja lote kwa mpigo, si ndio?

Hicho ndicho nilichotaka mkione wenyewe kabla sijaongea sana. Ulimi unajua mambo machache, utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha nzito ya supu ya nyama iliyochemka vizuri. Vingine karibu vyote tunavyoviita ladha ni kazi ya pua, hewa inapanda kutoka mdomoni kwa njia ya nyuma ya koo inaingia puani. Na hiyo pua ina aina kama 400 za vipokezi vya harufu, yaani vile vitu vidogo vinavyokamata harufu na kupeleka habari kwenye ubongo. Linda Buck na Richard Axel walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kugundua jinsi vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Wameshinda Nobel kwa ajili ya pua! Halafu mtu anakwambia kunusa waini ni maringo.

Ndo maana tunazungusha glasi. Ukizungusha, waini inapanda ukutani mwa glasi, inakutana na hewa, harufu zinaruka. Ndo maana pia hatujazi glasi, tunaweka theluthi moja, juu panabaki nafasi ya harufu kukaa. Na kwa joto la Dodoma, wahudumu naomba mnisikilize hapa, waini nyekundu msiilete mezani ikiwa imekaa kwenye rafu yenye nyuzi 30, itanuka spiriti tupu. Iwekeni kwenye friji dakika 20 ndo muilete. Ile habari ya "nyekundu inywewe kwa joto la chumbani" ilitokea kwenye vyumba vya Ulaya vya zamani, vyumba vya baridi, sio chumba cha hapa mwezi wa kumi na moja.

Na kabla sijatoka kwenye pua, jambo moja linalosumbua watu wengi hapa kwetu. Harufu ya tunda lililoiva na sukari ni vitu viwili tofauti. Unanusa glasi inanukia embe, unasema hii tamu, ukionja hakuna sukari hata chembe, unakunja uso unasema nimedanganywa. Hujadanganywa. Hamira imekula sukari ya zabibu ikaigeuza alkoholi, ikabaki harufu ya tunda bila sukari, hiyo ndo waini drai. Mteja akisema anataka tamu, muulize, unataka yenye sukari au unataka inayonukia matunda? Mara nyingi hajawahi kuulizwa hivyo maishani mwake.

Haya. Jambo la pili, macho. Macho na lebo.

Kuna jaribio lilifanywa Chuo Kikuu cha Bordeaux kule Ufaransa, matokeo yakatoka mwaka 2001. Walichukua wanafunzi 54, tena wanafunzi wa masomo ya waini, sio watu waliookotwa barabarani. Wakawapa waini nyeupe na nyekundu, wakaambiwa waeleze harufu. Nyeupe wakaieleza kwa maneno ya vitu vyeupe na vya njano, asali, limau, na kadhalika. Nyekundu kwa maneno ya vitu vyekundu na vyeusi. Siku nyingine wakapewa tena glasi mbili, moja nyeupe moja nyekundu. Kumbe ile nyekundu ni ile ile nyeupe iliyotiwa rangi isiyo na harufu! Wakaielezea kwa maneno ya nyekundu. Wanafunzi wa waini, Bordeaux!

Mnacheka, lakini msiwacheke wale vijana. Ubongo wa kila mmoja wetu hufanya hivyo, macho yanafika kwanza, yanaiambia pua cha kunusa, na pua inatii. Na bei je? Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kazi yao, waliwaonjesha watu waini huku wanapiga picha ubongo, waini ile ile moja wanaambiwa mara hii ni ya dola 10, mara hii ni ya dola 90. Walipoambiwa 90 walisema ni nzuri zaidi, na hata ile sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliwaka zaidi. Kwa hiyo hawakuwa wanajifanya, waliisikia kweli raha. Hapo ndipo pananifikirisha kila siku, maana kama lebo ya bei kubwa inaweza kuongeza raha, basi lebo iliyodharauliwa inaweza kuipunguza, na sisi tunaokaa hapa tunajua ni lebo za wapi zinadharauliwa.

Sasa sikilizeni ya Paris. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza anaitwa Steven Spurrier, alikuwa na duka la waini pale Paris, aliandaa shindano. Waini za Ufaransa zile kubwa kabisa pamoja na waini za California ambazo wakati ule watu wengi wa Ulaya hawakuzihesabu kitu. Waamuzi tisa Wafaransa, watu wa heshima zao. Lebo zimefichwa. Wakaonja nyeupe, wakaonja nyekundu. Mwandishi wa habari alikuwa mmoja tu mle ndani, George Taber, wengine hawakuona haja ya kwenda kwa sababu nani asiyejua Ufaransa itashinda? Na Taber anasimulia kwamba mwamuzi mmoja alionja nyeupe moja akafurahi, akasema sasa tumerudi Ufaransa. Ilikuwa ya California.

Matokeo? Nyeupe, wa kwanza Chateau Montelena ya mwaka 1973, California. Nyekundu, wa kwanza Stag's Leap Wine Cellars ya mwaka 1973, California tena. Mwamuzi mmoja alidai arudishiwe karatasi yake ya alama.

Mimi nikiisikia hii stori sifikirii Wamarekani, nafikiria hapa. Nafikiria mkulima aliyekaa meza ile ya nyuma. Mizabibu yetu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye ardhi kavu, na kwa sababu hatuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima anaupogoa na unazaa mara mbili kwa mwaka. Wenzetu wa Bordeaux wanavuna mara moja. Je, hiyo waini ya zabibu za Makutupora, hapa hapa Dodoma, nani ameshaionja akiwa amefumba macho, akaeleza kwa uaminifu alichonusa, bila kwanza kusema "kwa waini ya bongo sio mbaya"? Hayo maneno siyapendi! Yanaumiza! Fichieni lebo kwa soksi, kwa gazeti, kwa chochote, halafu mseme.

Sasa tuingie kwenye jambo la tatu na hapa ndipo nitakaa, mnivumilie.

Maneno. Maneno yanatoka wapi?

Chuo Kikuu cha California pale Davis kulikuwa na mwalimu anaitwa Ann Noble. Yeye alichoshwa na watu kuieleza waini kwa maneno kama ya kifahari, ya kiungwana, maneno ambayo huwezi kuyapima wala kumfundisha mwanafunzi. Akatengeneza gurudumu la harufu, likatoka mwaka 1984, katikati maneno mapana, tunda, ua, kiungo, ukienda nje unakuta tunda gani, kiungo gani. Na kitu kizuri zaidi alichofanya, alichukua waini ya kawaida isiyo na harufu kali, akatia ndani kitu halisi, akawaambia wanafunzi nusa, hii ndo harufu tunayoiita hivi. Hakuwaambia wakariri. Aliwapa kitu puani.

Sasa gurudumu lake limejaa matunda ya kwao na hilo halina ubaya, yule mama alitumia soko la kwao. Sisi la kwetu liko wapi? Twende sokoni basi.

Pilipili manga. Waini ya zabibu ya Syrah, hasa ya sehemu zenye baridi, watu miaka na miaka wanasema inanuka pilipili manga, wengine wanadhani ni mbwembwe. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza wameipata ndani ya waini kemikali inaitwa rotandoni, na kemikali hiyo hiyo ndiyo iliyoko kwenye punje ya pilipili manga. Ile ile! Haifanani, ni ile ile. Kwa hiyo mama anayesaga pilipili manga kila siku kwa ajili ya pilau, akiinusa Syrah akasema pilipili manga, amesema kilichopimwa maabara. Na kuna jambo hapa: takriban mtu mmoja kati ya watano hainusi kabisa hiyo rotandoni. Kwa hiyo jirani yako akisema sinusi pilipili, hadanganyi, na wewe unayeinusa hudanganyi. Msigombane.

Karafuu. Ndugu zangu wa Pemba na Unguja mko humu? Waini ikikaa kwenye pipa la mwaloni lililochomwa ndani kwa moto, mbao zile zinatoa kitu kinaitwa yujenoli. Yujenoli ndiyo sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya karafuu. Mbao hizo hizo zinatoa na harufu ya vanila, ile wanayolima ndugu zetu wa Kagera na Uganda. Jamani, mtu wa Pemba aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu zinazoanikwa juani, huyu nani atamfundisha harufu ya pipa? Huyu ndiye afundishe wengine!

Pera na pesheni. Waini nyeupe ya zabibu ya Sauvignon Blanc ya Marlborough kule New Zealand, ukiiweka puani inanukia pesheni na pera lililoiva, na kemikali zinazofanya hivyo zimo kwenye pesheni lenyewe. Chenin Blanc changa za Afrika Kusini nazo zinasemwa hivyo hivyo, pera. Na Chenin tunalima hapa hapa Dodoma, glasi yenu ya kwanza ni hiyo, sitasema zaidi nisije nikawatia maneno puani.

Pilipili hoho mbichi, ile ya kijani ukiikata. Iko kwenye Cabernet Sauvignon ambayo zabibu zake hazikuiva vizuri. Asmini na rehani, ziko kwenye Muscat, kuna kitu kinaitwa linaloli kimo kwenye yote matatu, kwenye ua, kwenye jani, na kwenye zabibu. Siagi, hiyo inatoka kwa bakteria wanaopunguza ukali wa uchachu wa waini. Petroli, ndiyo petroli, iko kwenye waini nyeupe ya zabibu ya Riesling iliyokaa miaka, na wapenzi wa Riesling wanaitafuta. Na boksi lililolowa maji likakaa stoo? Hiyo ikija puani rudisha chupa, kizibo kimeharibika, ni kosa na unaruhusiwa kulisema bila aibu.

Mnaona? Sijataja kitu kimoja ambacho hamjakinusa.

Na kuna watu wa kwetu, Waafrika wenzetu, wameshaingia kwenye uwanja huu kwa pua zao. Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu. Wanne, wote wa Zimbabwe. Waliondoka kwao kipindi uchumi ulipoanguka wakaenda Afrika Kusini kutafuta maisha, wakaanzia kazi za chini kabisa, Dhafana alianza na kazi ya bustani kwenye mgahawa. Hawakukulia kwenye nyumba zenye waini mezani. Wakajifunza pale pale kazini mpaka wakawa wataalamu wa waini kwenye migahawa mikubwa, na mwaka 2017 wakaenda Burgundy, Ufaransa, kama timu ya kwanza ya Zimbabwe kwenye mashindano ya dunia ya kuonja bila kuona lebo. Unapewa waini 12, unatakiwa useme zabibu gani, nchi gani, sehemu gani, mwaka gani, nani katengeneza. Walimaliza karibu na mkia, sitawaficha, na mwaka uliofuata walirudi wakapanda. Leo Dhafana na Nyamudoka wana waini zao wenyewe, zenye majina waliyochagua wao, zinauzwa. Vijana wahudumu mliopo hapa, andikeni hayo majina manne.

Kazi ya nyumbani ni hii. Nunua chupa moja ya nyeupe ya bei ya chini, isiyo na harufu nyingi. Igawe kwenye glasi sita. Ya kwanza tia punje mbili za karafuu, ya pili kipande cha hoho, ya tatu kijiko cha pesheni, ya nne pilipili manga iliyotwangwa, ya tano iliki, ya sita ukwaju. Funika na visahani nusu saa. Halafu fumba macho, mtu akupe moja moja unuse na useme. Utashangaa jinsi harufu unayoijua tangu utoto inavyokimbia jina lake ukiwa umefumba macho! Rudia wiki ijayo. Wiki nyingine tena. Jina litaanza kuja haraka, na huko ndiko kujifunza waini, hakuna njia ya mkato niijuayo mimi.

Mdomoni nitapita haraka maana naona macho yenu yako kwenye glasi. Tazameni mambo manne. Uchachu, huo unaujua kwa mate, mate yakikujaa pembeni mwa ulimi baada ya kumeza, uchachu ni mwingi. Uzito, je inapita nyepesi au inajaza mdomo? Inavyobaki, ukishameza au kutema hesabu kimoyomoyo, ladha inaondoka mara moja au inakaa? Na ukakasi, ile hali ya nyekundu kukausha mdomo, inayotoka kwenye tanini ya maganda na kokwa za zabibu.

Hapo kwenye ukakasi nilikuwa na mama mmoja wa Mtwara kwenye kikao kama hiki, hajawahi kuonja waini nyekundu drai maisha yake yote. Akaonja, akanyamaza, wenzake wakawa wanamtazama, akasema "hii inanishika ulimi kama bibo ambalo halijaiva". Chumba kizima kikapiga makofi! Maana tanini ndiyo inayofanya bibo likushike ulimi, na kila aliyekula bibo alielewa sekunde ile ile waini ile ikoje, waliokuwa hawajaionja nao wakaelewa. Niambieni, blakikaranti ingefanya kazi hiyo? Mwaka mzima nasoma maelezo ya waini na sijakutana na maelezo bora kuliko ya yule mama.

Haya, sasa glasi. Ziko tatu, lebo nimezifunika na hazifunuliwi mpaka kila mtu amesoma alichoandika. Karatasi mnayo, kalamu mnayo, ndoo za kutemea ziko mwisho wa kila meza, na kutema sio utovu wa adabu hapa. Hakuna kuongea dakika tano za mwanzo, kwa sababu mmoja akisema tu "embe" basi meza nzima itanusa embe. Andikeni kwanza. Kiswahili, Kigogo, Kihehe, lugha yoyote uliyoijulia harufu hiyo. Mkulima wa Chenin yuko humu humu na anasubiri kuwasikia, kwa hiyo msimpe "nzuri", mpeni mlichonusa.

Ya kushoto kwanza. Shika kwenye mguu wa glasi, zungusha taratibu, nusa.